Kabla hujabonyeza 0.5 pale Taveta, mjue Mo Amin

Najua mpango wako. Unashuka Taveta Ijumaa jioni, unalala gesti karibu na steji, na alfajiri unapanda paa simu ikiwa mkononi. Kilimanjaro hujitokeza mapema pale, kabla mawingu hayajaufunika. Unabonyeza 0.5 ili kila kitu kiingie: mji, migomba, mkonge, mlima wenyewe. Halafu unaiangalia picha. Mlima mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895, umekuwa kichuguu. Kibanda cha M-Pesa kilichokuwa mbele yako ndicho kimekuwa mlima.

Simu yako haina shida, bana. Lenzi pana ndivyo ilivyo. Kilicho karibu hukivimbisha, kilicho mbali hukisukuma mbali zaidi. Ukitaka mlima ubaki mlima, lazima uamue nini kisimame mbele, wewe usimame wapi, na nini kibaki nje ya fremu. Kwa hivyo picha pana inahitaji uchague zaidi, wala si kidogo.

Kenya ilikuwa na mtu aliyeishi kwa kazi hiyo. Alisafiri, akatafuta pa kusimama, akaingiza bonde zima au mji mzima au maelfu ya watu ndani ya fremu moja. Jina lake Mohamed Amin, almaarufu Mo. Alifariki Novemba 23, 1996. Kama una miaka 25, hukumpata. Lakini nakuhakikishia kuna picha yake umeiona, hata kama hukujua ni yake.

Mo alizaliwa Eastleigh, Nairobi, Agosti 29, 1943. Wazazi wake walikuwa Waislamu wenye asili ya Punjab na baba yake alifanya kazi ya reli. Miaka ya mwanzo ya 1950 familia ikahamia Dar es Salaam. Huko ndiko Mo, akiwa bado mtoto wa shule, alinunua kamera ya mtumba, ile ya sanduku aina ya Brownie. Kamera hiyo haikuwa na mbwembwe. Huwezi kubadilisha lenzi, huwezi kuvuta karibu. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, unakisogelea kwa miguu. Ukitaka kingi kiingie, unarudi nyuma kwa miguu. Nadhani hapo ndipo tabia yake ilipoanzia, maana maisha yake yote Mo alikuwa mtu wa kutembea hadi mahali pa picha badala ya kuingoja picha imjie.

Safari Rally ilikuwa shule yake nyingine. Mbio zile enzi hizo zilizunguka Afrika Mashariki nzima, na Mo alizipiga picha akiwa bado mvulana, akaanza kuuza magazetini. Wazee wa huku Taita watakuambia jinsi magari yale yalivyopita baadaye kwenye milima yao, vumbi jekundu nyuma kama moshi. Fikiria kazi ya kupiga picha ya gari hilo. Ukilivuta karibu sana, unapata bati na namba. Ukirudi nyuma, unapata vumbi, kona, watoto waliopanda miti, na gari dogo katikati ya yote. Picha ya pili ndiyo inayokuambia uko Afrika Mashariki.

Mwaka 1963 akafungua kampuni yake mwenyewe Dar es Salaam, Camerapix. Alikuwa na miaka 20 hivi. Hakungoja shahada ya chuo kikuu. Mimi mwenyewe chuo niliachia mwaka wa pili kwa hivyo sehemu hii ya hadithi naipenda kupita kiasi, lakini usinisome vibaya: jamaa hakuwa amekaa nyumbani akiscroll. Alikuwa akisafisha filamu usiku, akizunguka afisi za magazeti mchana, na akijifunza kutumia kamera ya sinema pia kwa sababu aliona televisheni inakuja.

Januari 12, 1964, mapinduzi yakatokea Zanzibar. Mo alivuka bahari akaingia kisiwani wakati wengi walikuwa wakitafuta njia ya kutoka. Picha alizotoka nazo zilimfanya ajulikane nje. Miaka miwili baadaye, 1966, kisiwa hichohicho kikamfunga. Serikali haikupenda alichokuwa akipiga picha, mambo ya mafunzo ya kijeshi, na akakaa gerezani karibu mwezi mzima. Alipotoka, Tanzania ikamfukuza. Akarudi mji aliozaliwa, Nairobi, kuanza upya.

Sasa hapa nakuomba uende nami polepole, kwa sababu kuna picha ambayo haikuwa pana hata kidogo. Jumamosi, Julai 5, 1969, Tom Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa la Chhani, barabara iliyoitwa Government Road, leo Moi Avenue. Mo alifika baada ya dakika chache. Akaingia ndani ya ambulensi pamoja na majeruhi na akaendelea kupiga picha njia nzima. Ndani ya ambulensi huna pa kurudi nyuma. Kila kitu kiko usoni pako. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni Uingereza mwaka huo. Watu wamebishana tangu hapo kama mtu anafaa kushika kamera mahali kama hapo. Mimi sina jibu rahisi. Ninachojua ni kwamba bila picha zile, kizazi changu kingekuwa kinasimuliwa tu.

Wengi wanamjua Mo wa vita na vifo, wakasahau kwamba nusu nyingine ya maisha yake ilikuwa mandhari. Alizunguka Hija miaka ya 1970 na mwaka 1978 akatoa kitabu cha picha za safari ya Makka. Ukipata nafasi tazama zile picha za umati ukiwa umeizunguka Kaaba, duara juu ya duara, hadi mwanadamu mmoja anakuwa nukta. Siku hizi kila mtu anarudi Umra na video. Wakati ule, watu wengi duniani, Waislamu wengi wakiwemo, hawakuwa wamewahi kuuona msikiti huo ukiwa umejaa namna hiyo.

Kisha Turkana. Hapa Taveta inaingia, kwa mlango wa nyuma. Miaka ya 1880 Taveta ilikuwa kituo cha misafara kutoka pwani. Wapagazi walipumzika kwenye msitu wa mto Lumi, wakanunua chakula, wakapanga safari ya mbele. Mwaka 1887 walipita hapo Count Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel, na Machi 1888 wakafika kwenye ziwa kubwa la kaskazini, wakalibandika jina la mwanamfalme wa kwao, Rudolf. Wenyeji walikuwa na majina yao, ila hakuna aliyewauliza. Karibu miaka 90 baadaye, 1980, Mo aliongoza msafara wa magari kulizunguka ziwa hilohilo, ambalo sasa lilikuwa linaitwa Turkana, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Upepo wa kule hung'oa mahema. Mawe ni meusi, yanachoma. Ukitaka kujua lenzi pana inaweza kazi gani, nenda mahali ambapo hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna chochote cha kumwambia mtazamaji ukubwa wa kitu. Unaweka mtu mmoja au ngamia mmoja kwenye fremu, na ghafla jangwa lote linapata kipimo.

Miaka ya 1980 ikawa ya vitabu. Kenya na Pakistan 1982, Tanzania 1984, na kitabu kuhusu reli yetu 1986, ile ya kutoka Mombasa kupita Voi hadi Nairobi na mbele zaidi. Mara nyingi alifanya kazi na mpiga picha mwenzake Duncan Willetts, na maneno yaliandikwa na Brian Tetley. Ni vile vitabu vikubwa vizito vinavyokaa mapokezi ya hoteli, ambavyo hakuna anayevisoma lakini kila mtu hufungua akingoja chumba. Niseme ukweli wangu? Vingine ni vitamu mno. Jua linazama, simba amelala, Mmaasai amesimama kwenye mstari wa upeo. Nairobi inaonekana safi, haina matatu iliyopanda kando ya barabara. Ukivitazama vyote kwa mpigo utadhani watu wa nchi hii hawalipi kodi ya nyumba.

Lakini ngoja kwanza usimhukumu. Mwaka mmoja na kile kitabu cha Tanzania, mtu huyuhuyu alipiga picha iliyobadilisha namna dunia inavyoliona bara hili, na haikuwa na jua la kuzama.

Oktoba 1984. Kaskazini mwa Ethiopia mvua zilikuwa zimekataa, na vita kati ya serikali ya Derg ya Mengistu na waasi wa Tigray na Eritrea vilikuwa vimefunga barabara na kuchoma mashamba. Mwezi Septemba serikali ilikuwa imefanya sherehe kubwa Addis Ababa kuadhimisha miaka 10 ya mapinduzi yake, huku ikizuia wanahabari wasifike kaskazini. Mo alikuwa akifanya kazi na shirika la picha za habari la Visnews, na alikuwa na jambo ambalo wazungu wengi wa habari hawakuwa nalo: aliijua Addis, alijua nani anatia sahihi karatasi gani, na hakuchoka kukaa kwenye korido za afisi. Alipata vibali. Akaenda na ripota wa BBC, Michael Buerk.

Walifika Korem. Watu wapatao 40,000 walikuwa wamejikusanya kwenye uwanda pale juu milimani, ambako usiku ni baridi kali, wengi wao wakiwa na shuka tu. Mo alianza kazi alfajiri. Ukungu na moshi wa mioto midogo vimechanganyika, mwanga unaanza kupenya, na kamera inatembea pole kutoka upande hadi upande. Unaona kama mawe ardhini. Kisha mawe yanasogea. Kumbe ni watu, hadi mwisho wa macho.

Hiyo ndiyo picha niliyosema umeiona. Hata kama hujaiona yenyewe, umeona watoto wake: kila tangazo la msaada, kila bango la shirika lenye umati na vumbi limetoka kwenye fremu ile.

Fikiria alivyoamua. Njia rahisi ingekuwa kwenda moja kwa moja kwenye uso wa mtoto mmoja. Nyuso zipo pia katika taarifa ile, na zinaumiza. Lakini kwa kuanza na upana, Mo alimnyima mtazamaji wa London nafasi ya kudhani kwamba hii ni bahati mbaya ya familia moja. Huwezi kutoa sarafu tano ukamaliza shida ya uwanda mzima.

BBC walionyesha taarifa hiyo Oktoba 23, 1984, na baada ya hapo vituo vya televisheni zaidi ya 400 duniani viliichukua. Mwanamuziki mmoja wa Ireland, Bob Geldof, aliitazama nyumbani. Desemba wimbo wa Band Aid ukatoka. Machi 1985 Wamarekani wakatoa wao. Julai 13, 1985, Live Aid ikafanyika siku moja katika viwanja viwili, Wembley London na JFK Philadelphia. Misaada ilimiminika. Makadirio ya waliokufa kwa njaa ile kati ya 1983 na 1985 huanzia 400,000 hadi milioni moja. Bila picha zile huenda idadi ingekuwa juu zaidi.

Na wakosoaji wapo, na wana hoja. Lenzi pana inaonyesha umati, haionyeshi sababu. Kwenye fremu ya Korem hakuna ndege za kivita, hakuna amri ya Mengistu, hakuna afisa aliyefunga barabara. Mtazamaji alibaki akidhani ni ukame tu, kazi ya Mungu. Baadaye serikali hiyohiyo ilihamisha watu mamia ya maelfu kutoka kaskazini kwenda kusini, wengi kwa nguvu, huku magari na chakula cha msaada vikitumika kwenye mpango huo. Na Afrika yote, kuanzia Cairo hadi Cape Town, ikavalishwa sura ya Korem. Ukienda ughaibuni leo useme unatoka Voi, kuna mzee atakayekuuliza kama mna chakula. Unatabasamu tu, huna la kufanya.

Kwangu mimi vile vitabu vitamu vya hotelini na ile picha ya Korem haviwezi kusomwa mbalimbali. Ni mtu mmoja, kamera moja. Alikuwa Mkenya, Mhindi wa Eastleigh aliyeongea Kiswahili cha Dar, akipiga picha nchi zake mwenyewe. Hakuwa mgeni aliyetua Jumatatu akaondoka Ijumaa. Kama alitia sukari kwenye picha za Kenya, pengine ni kwa sababu alijua vizuri kuliko wengi kile kilichoonekana upande wa pili wa lenzi.

Hakuwa malaika, tusidanganyane. Alikuwa mkali kwa wafanyakazi, hakujua likizo, na nyumbani alionekana kwa nadra. Mwanawe Salim Amin alikuja kutengeneza filamu kuhusu baba huyo aliyekuwa kila mahali isipokuwa nyumbani, na ukiitazama utaona upendo na uchungu vimekaa kiti kimoja.

Juni 1991, Mengistu akiwa ameshakimbia na waasi wakiwa wameingia Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka jijini. Mo na wenzake walienda kuchukua picha. Ukatokea mlipuko mwingine mkubwa zaidi. Mwenzake wa kurekodi sauti, Mkenya John Mathai, alikufa papo hapo. Mo alipoteza mkono wa kushoto.

Mpiga picha bila mkono. Wengi walidhani amekwisha. Jamaa akaenda Marekani, akawekewa mkono wa bandia wa umeme, kamera ikarekebishwa aweze kuishika, na baada ya miezi kadhaa tu alikuwa kazini tena Ethiopia. Mwaka 1992 Uingereza ikampa nishani ya MBE. Mimi nishani hizo hazinisisimui sana. Kinachonisimamisha nywele ni kufikiria mtu wa miaka 48 akijifunza upya kugeuza pete ya lenzi.

Novemba 23, 1996, alipanda ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, kutoka Addis kuja Nairobi. Brian Tetley, yule wa maneno ya vitabu, alikuwa naye. Vijana watatu wakaiteka wakitaka ipelekwe Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi hata kidogo. Hawakumwamini. Ndege ikashuka ikifuata pwani, kisha ikaelekea Comoro, na hapo mafuta yakaisha. Manusura walisimulia kwamba Mo alisimama akajaribu kuongea na watekaji. Ndege ikagonga maji karibu na ufuo wa Ngazija, mbele ya macho ya watalii, na mmoja wao alikuwa na kamera ya video mkononi. Kati ya watu 175 waliokuwa ndani, 125 walikufa. Mo na Tetley walikuwa miongoni mwao. Mo alikuwa na miaka 53.

Video ya mtalii yule ilizunguka dunia nzima. Bahari, anga, na ndege kubwa inayoingia upande mmoja wa fremu ikiwa imeinamisha bawa.

Camerapix haikufa naye. Picha zake bado zimehifadhiwa Nairobi, na sehemu ya hazina hiyo imewekwa kwenye Google Arts & Culture, bure, unatafuta jina lake tu. Kwa hivyo kabla ya Jumamosi alfajiri, hapo ulipo kwenye matatu ukipita Maktau na mtandao ungalipo, fungua uangalie chache. Angalia ameweka nini mbele. Halafu ukifika Taveta usipande paa la gesti. Chukua bodaboda hadi Chala, ama Jipe, ambako milima ya Upare iko ng'ambo ya maji, na umwombe mtu asimame karibu nawe kwenye fremu. Mwulize jina kwanza. Bando ya mia moja inatosha kwa hayo yote.